Utomvu kwa Paja la Steinar

Mashine ilikohoa, ikazimika, na wimbi lililofuata likaibwaga mashua juu ya mwamba. Jorunn alijikuta majini hadi kifuani, kamba ya kondoo mkono huu, kola ya koti la shemeji yake mkono ule. Hakuachia hata kimoja. Kondoo walikuwa wawili, wakipelekwa kisiwani kula majani ya kiangazi kama kila mwaka. Mmoja alizama. Wa pili alifika nchi kavu pamoja nao, akajikung'uta, akaanza kutafuta malisho.

Steinar, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa amechanwa paja na ubao wenye msumari. Jorunn alimkokota hadi kwenye kibanda cha wachungaji, akapasua suruali yake, akalifunga jeraha kwa skafu.

"Shemeji, umenichania suruali," Steinar alisema, meno yakigongana.

"Nyamaza. Ukifa nitalichana na jina lako."

Hakuwa akitania sana. Bahari hiyohiyo ilimchukua mumewe Torleiv, isirudishe hata kiatu. Aliitazama akaichukia waziwazi. Huyu humpati, aliiambia.

Redio ilikuwa imezama, ukungu umefunika kila kitu. Walikuwa na kiberiti ndani ya kopo, siagi na mkate, na maji ya mvua kwenye mashimo ya mwamba. Kesho yake paja lilivimba likawa jekundu, na homa ikapanda. Steinar, mtu wa kuchemsha kila kinachoota, akaanza kutoa amri.

"Nichumie majani ya ule mti usiopukutika hata majira ya baridi. Nataka chai."

"Upi?"

"Wa kijani, Jorunn. Kijani ni dawa."

Mti wa karibu ulikuwa kwenye ufa nyuma ya kibanda, mweusi kwa ukijani wake. Jorunn alikata matawi, na kondoo akamfuata akitafuna yaliyoanguka. Chai ilipokuwa tayari alimpa Steinar kopo, akatoka kufuata kuni. Hapo akamwona kondoo akitetemeka. Magoti yakakunjika, akaanguka, asiinuke tena.

Jorunn alirudi mbio akalipiga kopo teke kabla halijafika mdomoni.

"Una wazimu? Nina kiu!"

"Kondoo amekufa. Nusa haya majani. Yana harufu ya utomvu?"

Steinar aliyasugua vidoleni. Yalikuwa bapa, laini, hayachomi. Uso ukamshuka.

"Barlindi," alisema polepole. "Ni mti wa sumu, unasimamisha moyo."

"Na ni ya kijani, shemeji. Kijani kweli."

Jorunn aliingiwa na hofu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyomtoa nje. Misonobari, ile aliyoikusudia Steinar na ambayo utomvu wake hupakwa vidonda, ilikuwa upande wa pili wa mkondo uliokuwa ukichapwa na mawimbi. Alivuka kwa magoti juu ya mawe. Wimbi lilimwangusha mara ya kwanza. Akalitukana, akaanza upya. Ng'ambo, majani yalimchoma vidole na harufu kali ikampanda puani. Alikwangua utomvu kwa kisu, akakata na matawi mabichi, akarudi navyo mgongoni.

Aliosha kopo kwa mchanga na maji ya moto, akayeyusha utomvu na siagi, akachuja kwa kitambaa. Alimpaka Steinar kidogo mkononi kwanza, akangoja, kwa kuwa wengine ngozi huwawasha. Haikumwasha.

"Sasa jaza kidonda chote," Steinar alisema. "Ziba kabisa."

"Sizibi. Usaha ukifungiwa ndani utakuozesha. Napaka kingo tu, mdomo wa kidonda ubaki wazi."

"Mganga hapa ni mimi."

"Mganga alitaka kunywa barlindi."

Alisafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, akapaka, akamnywesha maji matupu. Kulipokucha homa ilikuwa bado ipo, lakini ule wekundu haukuwa umepanda. Ukungu ulianza kupasuka. Jorunn alitupa matawi mabichi motoni, moshi mzito ukapanda, na kabla ya adhuhuri chombo cha uokoaji kikatia nanga.

Baharia kijana aliingia kibandani. Alimwona Steinar amelala kimya, koti limemfunika uso kwa sababu ya moshi, akavua kofia yake.

"Pole sana, mama."

"Vaa kofia yako," Jorunn alisema. "Huyu naondoka naye akipumua."

"Na asinipe mtu chai," sauti ikatoka chini ya koti.

Walimbeba kwa machela. Jorunn alifuata nyuma, akasimama ukingoni maji yakimlowesha viatu, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe na Torleiv, akaicheka bahari usoni.