Upepo Mpirani

Kiputo hupanda juu, hata mtoto anayechezea povu analijua hilo. Hiki kilikuwa kinashuka, polepole, ndani ya mpira mwembamba uliochomekwa kwenye mshipa wa shingo ya Mwanaheri, na maji yenyewe yalikuwa yamebanwa, hayaendi popote.

Ilikuwa asubuhi, katika hospitali moja mjini Lindi, enzi za Mwingereza. Mwanaheri alikuwa ameumwa kichwa hadi jicho moja likagoma kufumbuka, na daktari alitaka kupitisha dawa mpirani ili apige picha ya mishipa ya kichwani. Mama yake, Bi Kidawa wa Kilangala, aliachwa amshike mkono, maana bila yeye binti alikataa kulala mezani.

Muuguzi Skolastika alikiona kile kiputo, akakaza kibanio cha mpira.

"Shikamoo mama. Tafadhali usiguse hapa," alinong'ona. "Kuna upepo. Ukimpanda kichwani, tumempoteza. Namwita daktari."

Akatoka mbio. Maskini Skolastika! Yeye alimaanisha hewa. Lakini kwa Bi Kidawa upepo ni jini, na jini hupandishwa kichwani kwa makusudi, ataje jina, aseme anachotaka, kisha aage aende zake. Asiyepanda hatoki.

Chumba kikanukia udi, na hakuna aliyeufukiza. Mpirani ukasikika mluzi mwembamba, kisha kama mtu anayevuta pumzi, na Bi Kidawa, aliyekwisha kuzika watoto wake wengine wote, akilia, akimwomba Mungu amwachie huyu mmoja tu, alinyoosha mkono akafungua kibanio.

"Panda, bwana," alisema. "Panda useme haja yako, kisha mwachie mwanangu."

Kiputo kikapita. Mwanaheri alishtuka mara moja tu, vidole vyake vikalegea mkononi mwa mama yake.

Alirudishwa Kilangala akiwa hai, lakini bubu, upande mmoja umepooza. Inauma hata kuisimulia. Mganga aliletwa, akafukiza ubani, akapiga ngoma mchana kutwa, akauliza, "U nani wewe?"

Mdomo wa Mwanaheri ukafunguka. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume.

"Mgeni. Mama huyu alinifungulia."

Mganga akaiweka ngoma chini. Bi Kidawa akasogea, akamshika mwanawe mashavu.

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Tulipishana mlangoni," ikajibu ile sauti. "Alikuwa anakuita."