Ufunguo Nilioushona Kwenye Koti la Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mjane, naishi Waberi hapa Garissa. Nawaandikia kwa aibu, wasomaji wenzangu, maana katika mkasa huu mkosaji ni mimi mwenyewe.

Tulijaliwa mtoto mmoja, Hodan. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne... Simu yangu ilikuwa imejaa, hivyo mume wangu Abdi alikuwa amehamishia picha na video zote za mtoto kwenye laptopu yake. Katika video moja Hodan anahesabu mbuzi wa shangazi yake. Akifika saba, anarudi tatu, anacheka!

Abdi alikuwa mhudumu wa afya. Laptopu ilikuwa na majina ya wagonjwa, kwa hiyo diski yake ilifungwa kabisa. Kuiwasha hakukutosha. Ilikwama pale mwanzo mpaka uchomeke ufunguo mdogo kama flashi. Alikuwa nao miwili, mmoja ukaharibika tulipofurikiwa na mto Tana. Kila siku alisema ataagiza mwingine.

Baada ya msiba wa mtoto, akaanza kujitenga na laptopu. Nikiingia, anaifunika. Tena kuna mwanamke, Sahra, aliyekuwa akimpigia simu kila jioni. Ningefikiri nini? Nikaamini naletewa mke mwenza, na kaburi la mwanangu halijakauka!

Kumuuliza sikumuuliza. Mimi nikikasirika hunyamaza, na huo ndio ugonjwa wangu. Siku moja akioga, niliuchomoa ule ufunguo kwenye funguo zake. Nikafumua pindo la koti lake kuukuu la kahawia, nikautia ndani, nikashona kwa uzi mwekundu. Uzi mwingine sikuwa nao.

Abdi aliutafuta siku tatu. Aliinua magodoro, akachambua hata takataka. Aliniuliza kwa upole kama nimeuona, nami nikaapa sijauona. Niliapa, jamani! Moyoni nilisema, akome.

Siku ya nne akasafiri kikazi kwenda Banissa, laptopu akaiacha. Gari lao lilipinduka njiani. Abdi wangu hakurudi...

Nilikaa eda nikiwa sijitambui. Wiki ya pili nikakumbuka koti. Nikafungua kabati, tupu! Wifi yangu Fatuma akaniambia kwa huruma, "Abaayo, dada yangu, nguo zote tumetoa sadaka. Mungu apokee."

Ndiyo desturi yetu, na yeye alifanya wema tu. Nilipomuuliza kuhusu koti, alisema alimpa mfugaji aliyeleta ng'ombe sokoni, akirudi kwao Takaba. Jina hakumuuliza.

Kisha akaja Sahra kunipa pole. Kumbe ni mama mtu mzima, mfanyakazi mwenzake! Akaniuliza kama niliiona ile filamu. Filamu gani? Akasema Abdi alikuwa akiunganisha video zote za Hodan ziwe moja, anipe siku ya Idi, nami nisijue mapema. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha kwa simu.

Nililia mpaka sauti ikakauka. Mafundi watatu wameishika laptopu hiyo. Wote wamesema jambo moja, bila ufunguo haifunguki, na wakilazimisha kila kitu kitafutika. Nimetuma salamu Takaba kwa madereva na kwa jamaa. Hakuna jibu.

Kila Ijumaa naichaji. Naiwasha. Inafika pale mwanzo, inadai ufunguo, nami nakaa mbele yake mikono mitupu. Mwanangu yumo humo, anahesabu mbuzi. Baba yake yumo. Niliyewafungia ni mimi.

Dada zangu, mkiwa na shaka na waume zenu, ulizeni! Gombaneni ikibidi, pigeni kelele majirani wasikie, lakini msifiche kitu na kunyamaza kama mimi.

Na wewe unayesoma haya, ukikutana na mtu popote huko amevaa koti la kahawia, tafadhali mtazame pindo. Likiwa limeshonwa kwa uzi mwekundu, mwambie koti ni lake, sitaki kumnyang'anya. Naomba tu afumue pale.