Feni Zilizokula Betri

Mama Pacha aliamka amechoka kuliko alivyolala. Akawaandaa pacha wake, akawasukuma shuleni, kisha akaingia chumba cha mbele. Hapo ndipo yeye na mumewe walipochapa barua na fomu za watu. Palikuwa na kompyuta moja kuukuu, printa, skana ya kupigia picha karatasi, na kiti chenye mguu mgonjwa.

Mezani palikuwa na madaftari kumi na moja ya mkunga. Mkunga huyo alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini aliandika kila mtoto aliyempokea: siku, saa, jina la mama. Sasa unyevu ulikuwa umeyaingia madaftari. Wino ulififia, na karatasi zilipukutika zikiguswa. Watu wazima wasio na cheti cha kuzaliwa hawakuwa na ushahidi mwingine. Ofisi ya vizazi ilitaka orodha safi kufikia Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Umefika wapi?" Baba Pacha aliuliza.

"Pale pale nilipokuwa juzi."

Haukuwa utani. Alikuwa ameyachapa madaftari yale mara mbili, na mara mbili kazi ikapotea. Umeme ulikatika karibu kila mchana. Walikuwa na yupiesi, kisanduku chenye betri ambacho huishikilia kompyuta kwa dakika chache umeme ukikatika. Lakini kazi ilikuwa nzito kwa picha za kurasa. Kuihifadhi kulichukua dakika sita, na betri ilikufa kabla ya hapo. Kompyuta ilipozimika katikati ya kuhifadhi, kazi yote iliharibika.

Saa saba mchana taa ikazimika. Yupiesi ikalia: pii! pii!

"Hifadhi! Hifadhi!" Baba Pacha alipiga kelele, kana kwamba mkewe alikuwa anasuka ukili. Akakimbia na feni ya mezani, akaichomeka kwenye yupiesi, akaielekeza kwenye kompyuta. "Inachemka! Naipepea!"

Mama yake Baba Pacha, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, alikuja na mbio zake za goti bovu. Alikuwa ameifumia kompyuta kitambaa cha maua. Akakivuta mpaka chini, mbele na nyuma. "Mnafungua mlango ovyo, vumbi linaingia!"

Feni za ndani ya kompyuta zikanguruma kama mashine ya kusaga. Asilimia hamsini. Sitini. Sabini na moja. Pa! Kimya.

Mama Pacha hakulia. "Hata kulia kunataka nguvu," alisema, akaweka kichwa mezani.

Baba Pacha akatoka bila kuaga. Alirudi na jirani yao, mwanamke fundi wa redio na kompyuta. Watu walimwita Fundi Nyaya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uitazame hii mashine. Ina shetani."

"Kwanza nionyesheni mlivyofanya."

Wakamwonyesha kila kitu. Fundi Nyaya akauma mdomo asicheke, kisha akavuta kigoda.

"Kompyuta ina kumbukumbu mbili," alisema. "Moja ni kama kiganja. Ina kile ulichokishika sasa hivi. Nyingine ni kama sanduku. Ukitia kitu, kinakaa hata ukilala. Umeme ukiisha, kiganja kinafunguka na kila kitu kinamwagika. Kuhifadhi ni kutoa kiganjani na kutia sandukuni."

"Hilo tunajua," alisema Baba Pacha.

"Na betri ni ndoo moja ya maji ya safari. Ni ya kukufikisha tu. Ninyi mmenawa nayo miguu."

"Miguu gani?"

"Hiyo feni yako ya mezani, shemeji. Inakunywa betri kwa pupa. Itoe kwenye yupiesi. Printa na skana nazo zitoe, zichomeke ukutani. Kwenye betri ibaki kompyuta na skrini yake, basi."

Baba Pacha akachomoa feni taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Fundi akamgeukia Bibi. "Kitendawili!"

"Tega!" Bibi aliitikia hima. Kwa vitendawili hakuwa na goti bovu.

"Nina mtoto wa bati. Ukimfunika kwa mapenzi, anapiga kelele."

Bibi akafikiri. Akataja sufuria. Akataja kengele. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote unaoutaka."

"Nimeuchukua. Mtoto ni kompyuta yenu. Matundu ya nyuma ni pua zake. Ukiyaziba, joto halitoki. Feni za ndani zinazunguka kwa nguvu zote, na nguvu hizo zinatoka kwenye betri."

"Kitambaa changu! Wiki mbili nimekifuma!"

"Kizuri sana, Bibi. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa. Ikiwa macho, iache ipumue."

Baba Pacha akachangamka. "Kumbe feni ndizo adui! Basi hizo za ndani nazo nizing'oe."

"Thubutu!" Fundi Nyaya alimshika mkono. "Ukizing'oa, mashine itachemka kwelikweli. Ikizidi joto hujizima yenyewe isiungue. Utaokoa betri na kupoteza kazi."

"Sasa feni iende au isiende?"

"Iende polepole. Anayekata kuni anahitaji kupepewa. Aliyekaa anahitaji upepo kidogo tu. Wakati wa kuhifadhi, funga programu nyingine zote na upunguze mwanga wa skrini. Kompyuta ikibaki na kazi moja, joto linapungua, na feni inaweza kupunguzwa mwendo."

Umeme uliporudi, Fundi Nyaya aliingia kwenye mipangilio. Aliiagiza kompyuta kwamba ikihamia kwenye betri, ipunguze feni, ihifadhi kila kitu, kisha ijizime. Joto likipanda kupita kiasi, feni ziongeze mwendo zenyewe. Halafu akaizima, akaichomoa, akaifungua. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama blanketi. Akalifagia kwa brashi laini.

"Si kila kompyuta ina mpangilio huu," alionya. "Usiujaribu kwa kubahatisha. Muulize fundi. Na wewe, dada, usingoje giza ndipo ukumbuke kuhifadhi. Kila kurasa tano, hifadhi. Nakala nyingine weka kwenye flashi."

Mama Pacha aliinua kichwa. "Kwa hiyo nianze upya? Mara ya nne?"

Fundi Nyaya alirudisha kifuniko cha kompyuta. "Hilo sina dawa yake, dada."

Wakaanza upya. Baba Pacha alisoma mistari kwa sauti, mkewe akachapa. Bibi alichukua jiko na pacha. Jumatano ikapita. Alhamisi macho ya Mama Pacha yalikuwa mekundu, na vidole vilijiendea vyenyewe.

Saa tisa alasiri, katika daftari la mwisho, umeme ukakatika. Kurasa nne zilikuwa bado hazijahifadhiwa.

Hakuna aliyesogea. Feni za kompyuta zilishuka mwendo zikawa mnong'ono. Mkono wa Baba Pacha ukaanza kwenda kwenye feni ya mezani.

"Mkono!" Bibi alifoka. Mkono ukarudi.

Asilimia arobaini. Sabini na moja. Mama Pacha akafumba macho. Tisini. Mia. Kompyuta ikajizima yenyewe, polepole, na kwenye yupiesi taa mbili za chaji bado ziliwaka.

"Imekufa?" Bibi alinong'ona.

"Tutajua umeme ukirudi."

Ulirudi saa kumi na moja. Mama Pacha aliwasha. Kurasa zote zilikuwepo, mpaka herufi ya mwisho aliyoigusa. Hakushangilia. Alivuta kiti akachapa watoto kumi na wanne waliobaki.

Ijumaa asubuhi mkunga alikuja mwenyewe kuichukua orodha. Aliweka miwani, akapitisha kidole kwenye mistari, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wamo," alisema. "Wote wamo."

Baba Pacha akageuka ampe mkewe habari. Mama Pacha alikuwa amelala kitini, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

"Mama Pacha! Amka, mgeni..."

"Mwache," mkunga alimzuia, orodha kifuani. "Mama za hawa wote walilala hivyohivyo."