Mlamula Katikati ya Kibanja

Pikipiki ya Gideon ilionekana Jumatatu asubuhi, imelazwa pembeni mwa barabara mpya ya Mabira, ufunguo bado umechomekwa. Mwenyewe hayupo. Gideon alikuwa mpimaji wa barabara hiyo, inayojengwa kwa mkopo wa benki ya maendeleo ya nje, na kazi yake ilikuwa kuchomeka vigingi vyekundu vya chuma kuonyesha lami itakapopita.

Wiki haikuisha kabla watu hawajaanza kunong'ona kwamba usiku wanamsikia akigonga vigingi. Mkewe, Adela, akatoka kijijini kwao Rugu akaja kushinda kituo cha polisi. Hakulia. Alisema yeye anataka mwili tu, akamzike mumewe nyumbani kwake, maana bila hivyo hata yeye ataanza kumsikia.

Kwanza alikamatwa Manirakiza, kibarua wa familia iliyotoka Burundi, kwa kuwa alikutwa amevaa koti la Gideon. Basi, kijiji kizima kikawa kimeshahukumu! Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hapa hakuna aliyekumbuka nusu ya pili. Inspekta Placidia, mwanamke wa maneno machache, aliligeuza lile koti mara mbili. Halikuchanika wala halikuwa na damu. Manirakiza akaeleza kwamba alilikuta limetundikwa kwenye mgomba, mpakani mwa kibanja, shamba la migomba la mzee Rwegoshora. Placidia akaona anasema kweli: mtu huvua koti na kulitundika akitaka kufanya kazi. Gideon alikuwa kazini, na alikuwa kwa Rwegoshora.

Mzee huyo alijulikana kote Mabira kwa ugomvi wake na barabara. Vigingi vilikuwa vimepita juu ya kaburi la mama yake, naye alikuwa amelalamika mpaka malalamiko yakafika benki.

Placidia alikwenda mchana, yeye, Adela na askari wawili. Rwegoshora alisema hajamwona Gideon tangu siku ya vipimo vya kwanza. Placidia hakubishana naye. Aliomba kutembezwa kibanjani. Kwenye kaburi la mama aliona matundu matupu. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Mbele zaidi, katikati kabisa ya migomba, ulisimama mti mchanga wa mlamula, udongo wake ukiwa laini bado na nyasi mbichi zimetandazwa juu.

Hapo akasimama. Mlamula haupandwi ovyo katika nchi hii. Unaonyesha mpaka, au unaonyesha kaburi.

"Mzee, mpaka wako uko kule bondeni," alisema. "Hapa amelala nani?"

Rwegoshora alikaa chini kando ya mlamula. Muuaji mwingine angeacha udongo mtupu, migomba ikamfichia siri. Yeye malezi yake hayakumruhusu.

"Nilijaribu kumwacha hivi hivi," alisema. "Kila nikifumba macho namsikia anagonga. Nikasema nimpandie mlamula, labda atatulia. Hakutulia."

Akasimulia yote. Alimkuta Gideon amechuchumaa juu ya kaburi, nyundo chini, kigingi mkononi. Hasira zikampanda. Akampiga na kisogo cha jembe, pigo moja tu, kisha akaisukuma pikipiki hadi barabarani ionekane alipotelea huko.

"Alikuwa anamchomea mama yangu chuma kifuani," alisema.

Asubuhi ile Placidia alikuwa amempigia simu mhandisi wa mradi, na sasa alitamani asingejua alichoambiwa. Lakini ilibidi aseme.

"Hakuwa anachomeka, mzee. Alikuwa anang'oa. Benki ilikubali malalamiko yako, barabara inapindishwa. Gideon alitumwa aondoe vigingi, na akuletee habari hiyo mwenyewe."

Mzee aliyatazama yale matundu matupu kwenye kaburi la mama yake, akayatazama tena. Askari walianza kuondoa nyasi kwa mikono. Adela akasogea, akapiga magoti karibu na yule mzee kama anavyofanya mke wa watu mbele ya mkubwa wake, akamuuliza jambo moja tu: mume wangu alisema nini mwisho?

Rwegoshora alijibu macho yakiwa bado kwenye matundu.

"Aliniona nakuja, akatabasamu," alisema. "Akaniambia, 'Shikamoo, mzee.' Sikumwitikia."

Ndipo Adela alipolia.