Hema Lililofungwa Kwenye Gari

Binti ndiye aliyeiona kwanza: kamba ya hema imefungwa kwenye bampa ya gari la mgeni.

Ua wa sherehe ulikuwa wa zege, vigingi havipenyi. Wageni walikuwa wanakula na kucheka, na juu yao hema jeupe la mama yake, mkodishaji wa mahema, limetanda vizuri. Baba mdogo, mfungaji wa kamba, alikuwa anajifuta jasho.

"Baba mdogo, lile gari likiondoka je?" binti alinong'ona. Sauti yake haikuwahi kuvuka uzio.

"Mwenye gari yuko sahani ya pili. Aende wapi?"

Jamani, simu haiulizi kama umeshiba. Mgeni akapigiwa, akaingia garini, akatia gia. Hema likamfuata! Nguzo ikamwangukia bibi mmoja na kumvunja mguu.

Hospitalini, binti akiwa nyuma ya mama yake kwenye korido, watoto wa bibi waliwaka moto. "Mtatulipa! Mtauza mahema yote mbaki na vigingi!"

Baba mdogo akamvuta mama pembeni. "Shemeji, tuseme ni upepo."

"Upepo gani, shemeji, na jani halikutikisika?" Mama akawageukia wenye mgonjwa. "Wanangu, tulifunga kamba kwenye gari. Kosa ni letu. Nina bima inayolipia madhara ambayo biashara yangu imemsababishia mtu. Na watu wa bima nitawaeleza hivi hivi."

Ndiyo bima ile ile ambayo Baba mdogo aliiita sadaka kwa matajiri. Watu wa bima walikuja, wakauliza, wakakagua ua, wakaridhika. Walilipia matibabu mpaka bibi akatembea kwa mkongojo. Hakuna hema lililouzwa. Siku hizi Baba mdogo hufunga kamba kwenye ndoo zilizojazwa zege, na huzibeba mwenyewe bila kunung'unika.

FUNZO

Ndugu zangu wenye saluni, karakana na vibanda vya chakula, duka utalifunga kwa kufuli, lakini mguu wa mteja hauna kufuli. Kateni bima ya dhima, kama ile ya mama huyu, kabla ya ajali, ulizeni inalipia nini, na msifunike kosa kwa uongo. Tahadhari nayo msiiache, maana bima haiungi mfupa.

Binti naye ana lake ambalo hakuwahi kulitamka: Mama, siku ile hospitalini, nilitamani korido nzima ijue kwamba wewe ndiye uliyenizaa.