Ufa wa Nyati

Hezekia wa Sepuka aliuza mafuta ya alizeti, lakini ugonjwa wake ulikuwa sarafu mbovu. Akipewa hela, alimwacha mteja asubiri wee, huku akimgeuzageuza juani nyati wa sarafu ya mia tano: huyu pembe zimefifia, basi mhuri uliomgonga kiwandani ulikuwa umechakaa, huyu ana mstari ulioinuka, basi mhuri ulikuwa na ufa. Mkewe Marietha alishachoka kumcheka.

Ndivyo alivyoiokota ile sarafu ya njia panda ya kwenda Mungaa. Mtu mwenye akili zake haokoti hela ya njia panda. Mgonjwa huiacha pale pamoja na ugonjwa wake. Hezekia alilijua hilo tangu utotoni. Lakini nyati yule alikuwa na ufa pembeni, na mapenzi ni kipofu hata yakiwa ya sarafu.

Kesho yake ufa ulikuwa umefika jichoni. Hezekia aliduwaa. Sarafu ikishagongwa imegongwa. Ufa hukua kwenye mhuri, haukui mfukoni mwa mtu. Nyumba ikaanza kunuka chuma cha moto, na ndani ya ukuta kitu kikagonga, ko, kikanyamaza, ko. Jioni binti yao Aneth akaja na mstari mwembamba kwenye paji la uso, umeinuka kama uzi, unaanzia kwenye nywele na kupinda juu ya jicho.

"Baba, unanigonga hapa nikilala?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hezekia alikwenda mbio mpaka Mungaa, kwa Mzee Alute, mganga.

"Shikamoo, mzee," alisema, akamnyooshea ile sarafu na kumweleza yote.

"Marahaba. Irudishe ulikoitoa, usigeuke nyuma," mzee alinong'ona, wala hakutaka kuishika. "Kama jini halijapata makao mengine, litaifuata."

Akairudisha. Nyumbani harufu ikaisha, ukuta ukanyamaza, Aneth akala ugali na kucheka. Hezekia alimshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi Marietha alikuwa akipuliza moto jikoni. Alipoinua uso, mstari kama wa Aneth ulikuwa kwenye paji lake, umeanzia pale pale, umepinda pale pale.

"Nani amekugusa?"

"Aneth tu, baba Aneth. Jana aliniwekea paji lake hapa, akaniambia nilale salama."

Hezekia akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua, kwa maana mpenda sarafu yeyote anajua kwamba kosa likijirudia kwenye sarafu nyingine mahali pale pale, basi usiilaumu sarafu, tafuta mhuri, na ile aliyoirudisha njia panda ilikuwa sarafu tu, na mhuri wenyewe ulikuwa umebaki humu ndani, ukilishwa ugali, ukiitwa kwa jina alilolichagua yeye mwenyewe siku mtoto alipozaliwa.

Harufu ya chuma ikarudi. Aneth alisimama mlangoni, mikono wazi, na tabasamu lake la kila siku.

"Shikamoo, baba. Inama nikusalimie."

Marietha alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Lakini kwa Hezekia yule alikuwa mwanawe. Angemkimbia aende wapi? Nyuma ya paji la mtoto kitu kiligonga taratibu, ko.

Hezekia akainama.