Upande wa Kushoto

Lifti ya jengo lile la maduka ilikuwa na tabia ya kususa, na siku hiyo ilisusa saa ambayo watu wamefurika, mshonaji mmoja mwenye duka humo akiwa ndani peke yake kakumbatia jora la kitambaa cha zambarau. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akasikia mtu akigongagonga mlango kwa spana, taratibu, kwa mwendo wa ajabu usiotabirika, kama anayembembeleza.

“Usiogope, dada. Ila nikikutoa, usinipige.”

“Fungua kwanza! Mambo ya kupigwa tutayaamua baadaye!”

Mlango ulipofunguka alimkuta kijana mrefu, ovaroli ya bluu iliyopauka, nywele kazifunga kisogoni, vidole vyeusi kwa grisi, na tabasamu lisilo na adabu hata kidogo. Wenzake walimwita Chuma, kwa sababu baada ya kazi ya lifti alipiga gitaa katika bendi ya metali ya progresivu, ule muziki mzito wa nyimbo ndefu zinazobadili mwendo pale tu unapodhani umezizoea. Mshonaji hakujua lolote kuhusu muziki huo. Alichojua ni kwamba tangu siku ile alianza kupanda lifti hata kwenda ghorofa ya kwanza.

Miezi ikapita kwa simu na utani.

“Mpenzi, umekula?”

“Nimekula, ila bila wewe sishibi.”

“Muongo mkubwa! Nasikia bado unatafuna.”

Shangazi yake mshonaji, aliyekuwa akitia vifungo kwenye kona ya duka, aliguna kila simu ilipolia.

Albamu mpya ya bendi ilipokamilika, Chuma alimtumia mshonaji kabla haijatoka. “Isikilize yote, kipenzi. Kisha niambie ukweli. Usinivike kilemba cha ukoka.”

Aliisikiliza huku cherehani ikienda, kama alivyozoea kusikiliza kila kitu dukani: spika moja ndogo sikio la kulia, la kushoto kaliacha wazi kwa ajili ya wateja. Alisikia ngoma, akasikia besi, akamsikia mwimbaji, akasikia na vipande vya ukimya vilivyomshangaza, kana kwamba wimbo umesahau maneno yake. Jioni Chuma akapiga simu.

“Haya, mpenzi. Umenisikia?”

Angeweza kudanganya, lakini aliombwa ukweli. “Ngoma nimezisikia, mwimbaji nimemsikia. Ila wewe, Chuma... sijakusikia popote.”

Sauti ya Chuma ikaja, ndogo mno. “Mwimbaji wetu alisema mbele ya wenzangu kwamba nikiondolewa hakuna atakayejua. Nikambishia, nikasema yupo mmoja atakayejua. Kumbe alisema kweli. Kesho jioni naiaga bendi, halafu nahamia kwa kaka yangu kule mbali. Kazi ameniwekea siku nyingi. Nilikuwa nakataa kwa sababu ya gitaa na kwa sababu yako.”

“Na mimi je?”

“Wewe hukunisikia.” Simu ikakatika.

Kesho yake mshonaji alimpigia tena na tena, simu haipokelewi. Alishona mkono wa koti nje ndani, akaufumua, akaukosea tena. Shangazi akaweka sindano chini.

“Kwani ulimsikilizaje huyo mtu?”

“Kama ninavyokusikiliza wewe, shangazi.”

“Basi pole yake!” Shangazi akaenda akafunga mlango wa duka. “Wateja watarudi. Huyu hatarudi. Kaa chini, uzibe masikio yote mawili.”

Alikaa kati ya makoti yasiyo na mikono, akavaa spika zote mbili, akafumba macho. Wimbo wa kwanza ulipoanza, akashika ukingo wa meza. Alikuwapo! Alikuwa kushoto muda wote. Besi ya kulia ikiuliza, gitaa la kushoto linajibu, na kila alipodhani pana ukimya, hapo ndipo Chuma alipokuwa akisema. Mwendo ulichechemea, ukakimbia, ukasimama hewani, na zile zilizokuwa kelele jana zikainuka kama jengo lenye kumbi na ngazi na madirisha, naye akatembea humo mdomo wazi. Alistaajabu. Yaani mtu huyu, anayetafuna kwenye simu, alibeba kitu kikubwa hivi kifuani na bado akakumbuka kumuuliza kama amekula? Katika wimbo wa mwisho wenzake wote walinyamaza, akabaki yeye na noti moja inayotetemeka, inayokataa kufa. Kabla ya noti iliyofuata, mtu akapumua. Pumzi ile aliijua. Mshonaji akalia wala hakujificha.

Alimkuta kwenye shimo la lifti, chini kabisa ya jengo.

“Chuma!”

“Niko kazini.”

“Nilisikiliza kwa sikio moja. La kulia! La kushoto huwa nawaachia wateja.”

Chuma akaweka spana chini. “Mimi niko kushoto kote.”

“Sasa najua!”

“Unasema hivyo ili nisiondoke.”

“Ndiyo, ili usiondoke. Na ni kweli vilevile. Kwenye wimbo wa mwisho, ukibaki peke yako, kabla ya noti ya pili umepumua. Nimekusikia.”

Kichwa kikachomoza shimoni. “Fundi wa studio alitaka kuifuta ile pumzi. Nikamsihi aiache. Sikumwambia mtu.”

“Ilikuwa pumzi ya nini?”

“Ya woga. Nilidhani siwezi. Nikakufikiria wewe, nikapiga.”

Mshonaji akapiga magoti ukingoni, gauni lake la hariri ya njano likalamba grisi. “Basi nisikilize. Kaka yako mwambie asante. Jioni nenda kwa wenzako, usiiage bendi. Na mimi unioe.”

“Hivi hivi, nikiwa shimoni?”

“Ukitaka, panda kwanza. Hilo halibadiliki.”

Akapanda. Akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, machozi yakimchuruzika, kisha akamkumbatia na grisi yake yote. Nyuma yao foleni ya wanaongoja lifti ilikuwa imeanza kununa, na mzee mmoja akauliza hiki chombo kitapona lini.

“Ngazi zipo, baba!” mshonaji akamjibu, bila kumwachia mtu wake.